Frederick Forsyth: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maisha yake na uandishi wake

Frederick Forsyth alikuwa nani?

Mwingereza aliyeandika riwaya za taharuki kwa karibu nusu karne, kuanzia The Day of the Jackal ya mwaka 1971. Alizaliwa tarehe 25 Agosti 1938 mjini Ashford, Kent, akafariki tarehe 9 Juni 2025 akiwa na miaka 86. Vitabu vyake vimeuzwa nakala zaidi ya milioni 70. Kabla ya riwaya alikuwa rubani, kisha mwandishi wa habari, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba kazi hiyo ya pili hakuiacha kamwe. Alibadilisha tu mahali pa kupeleka habari zake.

Alitaka kuwa mwandishi tangu utotoni?

Hata kidogo. Alitaka kurusha ndege. Vita vya Pili vya Dunia vikiwa bado vinaendelea na anga ya Kent imejaa ndege za kivita, wanajeshi walimkalisha ndani ya Spitfire akiwa mtoto wa miaka mitano, na tangu hapo hakuwa na ndoto nyingine.

Baba yake alikuwa na duka la mavazi ya manyoya pale Ashford. Mzee huyu alimfanyia mwanawe jambo lililokuja kumfaa kuliko mengi aliyofundishwa darasani: likizo zikifika alimpeleka kukaa na familia ya Kifaransa, na baadaye ya Kijerumani, ale nao, acheze na watoto wao, mpaka lugha zimkae mdomoni. Kihispania na Kirusi vikafuata. Mtu anayezungumza Kijerumani kama mwenyeji anaweza kuketi na wauza silaha Hamburg bila kutiliwa shaka, na hilo tutalifikia.

Ndege nazo alizipata. Katika utumishi wa lazima wa jeshi aliingia jeshi la anga, na kufikia miaka 19 alikuwa rubani wa jeti aina ya Vampire. Akaondoka mwaka 1958. Kipindi hicho kilizaa kitabu chake kifupi kinachoitwa The Shepherd (1975), kuhusu rubani wa Vampire aliyepotea katika ukungu usiku wa mkesha wa Krismasi 1957: vyombo vimezimika, redio haisikiki, mafuta yanakwisha. Alikiandika kama zawadi ya Krismasi kwa mkewe. Kinasomeka kwa kikao kimoja, na hakuna ukurasa unaoonyesha kwamba mwandishi alilazimika kumuuliza mtu ndege inarushwaje.

Uandishi wa habari alianzia wapi?

Kwenye gazeti la mkoani, Eastern Daily Press, huko Norfolk. Mwaka 1961 alijiunga na shirika la Reuters, na mwaka uliofuata akapelekwa Paris kwa sababu ya Kifaransa chake.

Alifika pabaya, yaani pazuri kwa mwandishi wa habari. Algeria ilipata uhuru Julai 1962, na kundi la siri la OAS, lenye wanajeshi na walowezi walioona Rais Charles de Gaulle amewasaliti, lilikuwa limeapa kumuua. Jioni ya tarehe 22 Agosti 1962, pale Petit-Clamart nje kidogo ya Paris, gari la rais lilimiminiwa risasi zaidi ya 100. De Gaulle na mkewe wakatoka salama. Luteni Kanali Jean Bastien-Thiry, aliyeongoza shambulio hilo, alipigwa risasi na kikosi cha jeshi tarehe 11 Machi 1963.

Sehemu ya kazi ya Forsyth ilikuwa kumfuata de Gaulle kila atokapo, ili akiuawa habari iwahi kufika London. Kazi ya kusubiri mtu afe ina saa nyingi za bure. Alizitumia kupiga soga na walinzi wa rais, akajua wanavyojipanga na wanachokiogopa. Hapo ndipo alipofikia wazo lililokuja kumpa umaarufu: OAS haiwezi kufaulu, kwa kuwa polisi wa Ufaransa wamekwisha kuipenyeza na majina ya watu wake yote yako kwenye mafaili. Angeweza kufaulu mtu wa nje tu, mgeni asiye na faili popote. Wazo hilo alikaa nalo miaka kadhaa bila kuliandika.

Baada ya Paris alipelekwa Berlin Mashariki, mwandishi pekee wa Reuters upande ule, macho ya polisi wa siri yakiwa mgongoni mwake. Mwenyewe alisimulia kwamba usiku mmoja wa 1964 aliona vifaru na wanajeshi wakipita mjini, akatuma habari, na miji mikuu ya Magharibi ikapata jakamoyo. Kumbe ni mazoezi ya gwaride la Mei Mosi.

Biafra ilimbadilishaje?

Mwaka 1965 alihamia BBC, na Julai 1967 wakamtuma Nigeria. Chukwuemeka Odumegwu Ojukwu alikuwa ametangaza uhuru wa Biafra, eneo la mashariki mwa Nigeria, tarehe 30 Mei, na serikali ya Jenerali Yakubu Gowon ilikuwa imeanza vita tarehe 6 Julai kuirudisha. London iliunga mkono Lagos na kuiuzia silaha, na dhana iliyokuwapo ni kwamba uasi ule ungezimwa haraka. Forsyth alipofika akaona mambo hayaendi hivyo, akaandika alichokiona, na kutoelewana na wakubwa wake kukaanza hapo. Mwaka 1968 aliacha kazi, akarudi Biafra kwa gharama zake, bila shirika lolote nyuma yake.

Alichokishuhudia ni njaa. Eneo la Biafra lilizingirwa, chakula hakiingii, watoto wakavimba kwa kwashakoo, na picha zao zikaitikisa dunia mwaka ule. Kitabu chake cha kwanza, The Biafra Story (1969), si riwaya. Ni taarifa ya mtu mwenye hasira.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu yao ya kukijua kisa hiki: Tanzania chini ya Mwalimu Nyerere ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, tarehe 13 Aprili 1968, na jambo hilo lilizua mabishano makubwa miongoni mwa viongozi wa Afrika. Forsyth hakujifanya hana upande. Alikuwa rafiki wa Ojukwu, akaandika hata wasifu wake mwaka 1982. Kwa hiyo anayetaka kuielewa vita ile asisome kitabu chake peke yake. Asome na waliokuwa upande wa pili, na hasa asome Wanigeria wenyewe.

Kwa uandishi wake, Biafra ilimpa vitu viwili. Kwanza, alikutana na mamluki: akawasikiliza wanavyozungumzia silaha, meli, hati za bandia na malipo, kwa lugha kavu ya mafundi. Pili, aliacha kuamini kauli rasmi. Katika riwaya zake utakuta waziri akitoa tamko aya moja, na aya inayofuata ikakuonyesha kilichotokea chumbani kabla ya tamko kuandikwa.

Ni kweli aliandika The Day of the Jackal kwa siku 35?

Ndiyo, mwanzoni mwa mwaka 1970. Biafra ilisalimu amri Januari 15 mwaka ule. Forsyth alikuwa amerudi London hana kazi, hana fedha, na jina lake limechafuka kwa waajiri. Analala kwenye kochi la rafiki. Akaamua kuandika riwaya ili alipe madeni, uamuzi ambao baadaye mwenyewe aliuona kuwa wa kichaa. Akaikalia taipureta yake kuukuu, akaandika kila siku mpaka ikaisha.

Wengi huishia hapo kwenye kusimulia, kana kwamba siku 35 ni muujiza. Hesabu yenyewe inaanzia 1962. Njia za Paris alizipita kwa miguu, walinzi aliongea nao, watu wa hati za bandia aliwajua. Utafiti ulikwisha fanyika akilipwa mshahara wa kazi nyingine. Zile siku 35 zilikuwa za kunakili kilichokuwa kichwani.

Kwa nini wachapishaji walimkataa?

Kwa sababu inayoonekana ya busara. Mswada ulipoanza kuzunguka London, de Gaulle alikuwa hai, amestaafu, anaandika kumbukumbu zake. Dunia nzima inajua hakuuawa na mtu yeyote mwaka 1963. Sasa riwaya ya kurasa mamia kuhusu jaribio la kumuua ina taharuki gani?

Mswada ulipita kwa wachapishaji wanne bila mafanikio. Hatimaye Harold Harris wa Hutchinson aliusoma, akaona wenzake walichokikosa. Hata yeye hakubahatisha sana: toleo la kwanza lilikuwa nakala 8,000 tu. De Gaulle alifariki Novemba 1970, kitabu kikatoka 1971, na mwaka 1972 kikapata tuzo ya Edgar ya riwaya bora nchini Marekani. Filamu ya Fred Zinnemann, Edward Fox akiwa Jackal, yule muuaji wa kukodiwa, ilitoka 1973. Mwaka 2024 kikazaliwa upya kama tamthilia ya runinga, Eddie Redmayne akishika nafasi ile, ingawa kisa kimehamishiwa zama hizi na kubadilishwa sana.

Basi taharuki inatoka wapi, ikiwa mwisho tunaujua?

Hili ndilo swali lenyewe. Forsyth anakunyang'anya swali la "atauawa?" tangu mwanzo, kisha anakupa jingine: "huyu mtu anafanyaje?" Na likishakuingia hilo, hutulii.

Tazama anavyofungua kitabu. Anaanza na kifo cha Bastien-Thiry, tukio la kweli, tarehe ya kweli, baridi ya alfajiri ile. Msomaji anashika miguu chini: haya yalitokea. Kisha, bila kubadilisha sauti, anamwingiza mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Sauti ni ileile ya mwandishi wa habari. Wakuu wa OAS wanakutana na Mwingereza asiyetajwa jina, bei ni dola 500,000, nusu mkononi kabla ya kazi. Kundi halina fedha hizo, kwa hiyo linaanza kupora benki, na uporaji huo ndio unaowashtua polisi. Unaona mnyororo ulivyo? Kila jambo limezaliwa na lililotangulia. Hakuna bahati inayodondoka kutoka juu.

Halafu inakuja ile sehemu ya bunduki. Jackal anakwenda Ubelgiji kwa fundi, wanaongea kuhusu uzito, urefu, darubini, kizuia sauti, na jinsi vipande vyake vitakavyoingia ndani ya mirija ya chuma. Fundi hamuulizi anataka kumuua nani. Anamuuliza umbali, na kama shabaha itakuwa imetulia au inatembea. Ni mazungumzo ya mafundi wawili wanaoheshimiana, ndiyo maana yanatisha. Baadaye Jackal anaingia msituni Ardennes na tikiti la ukubwa wa kichwa cha mtu, analitundika, anarudi nyuma hatua zake, anapiga. Anaangalia tundu liko wapi. Anageuza skrubu ya darubini kidogo. Anapiga tena. Hivyo hivyo, kwa subira ya fundi saa, hadi anaporidhika, ndipo anapakia risasi yenyewe, ile ya kupasuka. Tikiti linasambaratika. De Gaulle hayumo kabisa katika ukurasa ule, na bado msomaji anahisi kichwa chake kinauma.

Kuanzia hapo wewe msomaji unajua kitu ambacho polisi hawakijui. Kamishna wa polisi Claude Lebel, mtu mdogo mpole anayenyanyaswa na mkewe, anaanza na jina la bandia tu na siku chache mkononi. Riwaya inakuwa mbio za taratibu mbili: taratibu za muuaji na taratibu za dola. Upande huu mtu anapaka nywele rangi. Upande ule karani anapekua kadi za hoteli. Makarani wanapewa heshima katika kitabu hiki kuliko majenerali, na mimi naona ndilo jambo zuri kuliko yote aliyowahi kuandika.

Siku ya tukio ni Agosti 25, 1963, kumbukumbu ya ukombozi wa Paris. Angalia tarehe: siku hiyohiyo Forsyth alitimiza miaka 25. Kinachotokea dirishani sikisemi, kwa ajili ya wale ambao bado.

Ule ujanja wa pasipoti ulikuwa wa kweli?

Ulikuwa wa kweli. Jackal anapita makaburini, anatafuta mtoto wa kiume aliyekufa mdogo ambaye angekuwa hai angekuwa rika lake. Anapata jina, anaomba nakala ya cheti cha kuzaliwa, anaomba pasipoti kwa jina hilo. Rejista ya vizazi na rejista ya vifo hazikuwa zinasemezana. Tundu hilo liliendelea kutumika kwa miaka mingi baada ya kitabu kutoka.

Kichekesho chungu ni kwamba polisi wa siri wa Uingereza nao walitumia njia hiyo kwa maafisa wao waliojipenyeza katika vikundi vya wanaharakati, na wenyewe waliipa jina la riwaya ile. Jambo hilo lilipofichuka hadharani mwaka 2013, polisi ya London iliomba radhi kwa kutumia majina ya watoto waliokufa.

Riwaya yake ilimtikisa mhalifu yeyote wa kweli?

Ndiyo, Eduard Roschmann. Alikuwa kamanda wa geto la Riga, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, mwaka 1943, na baada ya vita alikimbilia Argentina. Forsyth alipokuwa akitafiti The Odessa File (1972) alimwendea Simon Wiesenthal, msaka Wanazi, akitaka kubuni mhalifu. Wiesenthal akamshauri: kwa nini ubuni, wakati wa kweli yupo na anatafutwa? Kwa hiyo mwandishi wa habari kijana wa Kijerumani ndani ya riwaya anamsaka mtu mwenye jina halisi, kisa kikianza usiku ule Kennedy alipouawa, Novemba 22, 1963.

Kitabu kikasomwa duniani, filamu ikatoka 1974, jina la Roschmann likawa mdomoni mwa watu. Mwaka 1977, suala la kumrudisha Ujerumani Magharibi lilipopamba moto, alitoroka Argentina akaingia Paraguay, na huko akafa mwaka huohuo.

Utafiti wake aliufanyaje?

Kwa miguu na kwa mdomo. Alimtafuta mtu anayejua, akamfuata alipo, akamuuliza mambo ya kazi yake. Wataalamu hupenda kusikilizwa. Mwandishi wa habari hulijua hilo mapema.

Kisa maarufu ni cha Hamburg. Akitafiti The Dogs of War (1974), riwaya ya mamluki wanaokodiwa kupindua serikali ya nchi ndogo ya Afrika yenye platinamu, alijitambulisha kwa wauza silaha wa pale kama mnunuzi kutoka Afrika Kusini. Mambo yalikwenda vizuri hadi mmoja wao alipopita mbele ya duka la vitabu na kuona dirishani tafsiri ya Kijerumani ya Jackal, na nyuma ya jalada picha ya yule "mnunuzi" wao. Forsyth alipigiwa simu hotelini aondoke dakika hiyohiyo. Alikimbilia stesheni, akarukia treni lililokuwa linaondoka.

Uzee haukumtuliza. Mwaka 2009 alikwenda Guinea-Bissau kutafiti njia za kokeini kwa ajili ya The Cobra, akafika usiku uleule mkuu wa majeshi alipouawa kwa bomu. Alikuwa hotelini akausikia mlipuko. Alfajiri, Machi 2, wanajeshi wakamuua Rais João Bernardo Vieira. Na kwa ajili ya The Kill List (2013) alikwenda Mogadishu akiwa amevuka miaka 70.

Mimi sina nauli ya kwenda Mogadishu. Naweza kuiga mbinu hii?

Bila shaka, na nauli si kiini chake. Forsyth hakuwauliza watu "ulijisikiaje?" Aliwauliza "unaanza na nini, kisha nini, na nini huharibika?" Karani wa mahakama, dereva wa lori, fundi wa kufuli, nesi wa zamu ya usiku: kila mmoja ana jibu la maswali hayo matatu ambalo wewe huwezi kulibuni ukiwa mezani. Lile la tatu ndilo lenye mali. Pale panapoharibika ndipo riwaya inapopita.

Ila kuna mtego. Ukishapata maarifa mengi utatamani kuyamwaga yote. Forsyth mwenyewe alianguka humo katika vitabu vya baadaye, ambako aina ya kombora hupewa aya mbili kabla halijapigwa. Katika Jackal kila undani wa bunduki una kazi, kwa kuwa utaiona ikipita mbele ya askari ikiwa ndani ya gongo la kilema.

Waandishi gani walimwathiri?

Ukitarajia orodha ndefu utavunjika moyo. Akiwa kijana alisoma kitabu cha Hemingway kuhusu mchezo wa fahali, akaenda Hispania akitaka kujifunza kupigana nao, na kile alichokipata zaidi huko ni Kihispania. Kwingineko athari zake zinatoka kazini: chumba cha habari cha Reuters, ambako sentensi hukatwa hadi ibaki mfupa, na watu wa Biafra. Kumlinganisha na John le Carré, mwandishi mwingine wa riwaya za kijasusi, ni kawaida, lakini hao wawili hawashabihiani. Le Carré anataka kujua jasusi anajidanganya vipi. Forsyth anataka kujua jasusi amevukaje mpaka.

Alikuwa jasusi kweli?

Katika kitabu cha kumbukumbu zake, The Outsider (2015), alikiri kwamba aliisaidia MI6, idara ya ujasusi wa nje ya Uingereza, kwa zaidi ya miaka 20, akianzia Biafra. Hakuwa mwajiriwa na alisema hakulipwa. Alikuwa mtu wa kutumwa: ana kazi inayompa sababu ya kusafiri, ana lugha, ana uso usiokumbukwa. Anasimulia alivyoendesha gari hadi Dresden, Ujerumani Mashariki, kupokea kifurushi kutoka kwa mtu ndani ya choo cha jumba la makumbusho. Alisema pia kwamba alipoandika jambo nyeti aliwaonyesha kurasa kwanza wamwambie kama amevuka mstari.

Waandishi wa habari wengi wanalichukia jambo hili, na wana haki. Mwandishi mmoja akiwa wa idara ya ujasusi, wenzake wote wanatiliwa shaka vizuizini. Forsyth aliliona kama wajibu wa raia. Mimi nadhani lilimfaidia yeye kama mtunzi na likawaumiza wenzake wa fani.

Ni kweli alifadhili mapinduzi Guinea ya Ikweta?

Madai hayo yalichapishwa na gazeti moja la Uingereza mwaka 1978: kwamba mwaka 1973 kulikuwa na njama ya kweli ya kumpindua Rais Macías Nguema wa nchi hiyo, na kwamba riwaya ya mamluki ilitokana nayo. Nchi ya kubuni ya Zangaro inafanana mno na Guinea ya Ikweta kwa wenye macho. Yeye alishikilia kwamba alikuwa akitafiti.

Aliandikaje kila siku?

Kwa taipureta, hadi mwisho. Kompyuta hakuitaka, alitania kwamba karatasi haiwezi kufutika kwa kubonyeza kitufe kimoja, wala hakuna wa kuidukua. Utafiti na kupanga vilichukua miezi, kuandika kukachukua wiki, asubuhi hadi kurasa za siku zikamilike. Alijua mwisho kabla ya kuanza. Hakuamini habari za mhusika kujiendea mwenyewe.

Wala hakujiita msanii. Alisema wazi kwamba aliandika kwa ajili ya fedha, na Hutchinson walipotaka mkataba wa vitabu vitatu alikwenda kutafuta mawazo mawili zaidi, akarudi na Wanazi na mamluki. Mara kadhaa alitangaza kustaafu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshauri wa fedha alimpotezea akiba kubwa, na ilimbidi arudi mezani.

Wanaomkosoa wanasema nini?

Kwamba wahusika wake ni mbao, hasa wanawake, ambao mara nyingi wapo ili wadanganywe au wauawe. Ni kweli, na hakuna haja ya kumtetea. Lebel ni mmojawapo wa wachache wanaokaa akilini kama binadamu. Pia siasa zake za kihafidhina, alizoziandika miaka mingi katika safu yake ya Daily Express, zilizidi kujipenyeza katika riwaya za mwisho, ambamo wanaume wa vikosi maalumu huwa hawakosei.

Nianze na kitabu kipi?

The Day of the Jackal, bila kubishana. Ukikipenda nenda The Odessa File, halafu The Dogs of War, ukikumbuka kwamba hii ya tatu inaitazama Afrika kupitia macho ya wanaoingia na bunduki. The Fourth Protocol (1984), ya bomu la nyuklia linaloingizwa Uingereza kipande kwa kipande, inafaa kwa safari ndefu. Filamu yake ya 1987 ina Michael Caine na Pierce Brosnan. The Fist of God (1994) ni ya Vita vya Ghuba na ni nene. Kwa jioni moja chukua The Shepherd. The Phantom of Manhattan ya 1999, alikojaribu kuandika mapenzi, unaweza kuiruka.